Mti wa Jiwe Kaburini kwa Aida

Mama yangu mdogo, Mwanarusi, hulamba mawe. Watu wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale wameshamzoea, lakini mgeni akimuona mara ya kwanza hushtuka. Mwanamke mtu mzima, buibui lake safi, ameinama kaokota jiwe njiani, kalipangusa, halafu ulimi. Ukimuuliza atakwambia kuwa jiwe kavu halisemi kitu. Lilowe kwanza, ndipo nyuzi za mti zionekane.

Maana mawe anayoyatafuta yeye zamani yalikuwa miti.

Kazi yake ni kushona kofia, zile za mkono zenye vitundu vidogo vidogo, ambazo moja huweza kukaa mapajani mwa mtu miezi. Kwa ajili ya vitundu hivyo ana kioo cha kukuzia, cha duara, chenye mpini wa shaba. Kilikuwa kioo cha kofia tu mpaka siku aliyokwenda Mazeras.

Mercy, mpangaji wetu wa ghorofa ya juu, kwao ni Mazeras, na kaka yake alikuwa akioa. Akatualika nyumba nzima. Tukaenda mimi, mama mdogo, na Aida, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na miaka minane. Babake Aida alikuwa ameshaoa kwengine, huko Lamu, na nyumbani hatajwi. Arusi ilikuwa ya kelele na watu wengi. Aida akachoka, akaenda zake nyuma ya nyumba ya kina Mercy, kwenye kijito kilichokauka, akaona gogo limelala mchangani. Akalikalia. Mara akainuka mbio.

"Mama! Njoo! Ukuni huu una baridi!"

Mama mdogo alikwenda akidhani pana nyoka. Akaligusa lile gogo. Gome lilikuwapo, nyufa zilikuwapo, na fundo pale tawi lilipochipuka. Lakini lilikuwa la baridi kweli, na alipoligonga kwa ufunguo wa nyumba lililia kama kikombe cha udongo.

"Hayo yamejaa huku," Mercy akasema. "Sisi utotoni tulikuwa tukinolea visu."

Kando ya gogo palikuwa na kipande kilichokatika chenyewe, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, bapa upande mmoja, na fundo katikati kama jicho. Aida akakikumbatia, hataki kukiacha. Jioni mjomba Jamaldin akaja kutuchukua. Huyu ni mdogo wake mama mdogo, dereva wa lori katika kampuni moja ya Shimanzi, na safari zake nyingi hupita njia hiyo. Akamtazama dadake anapanda na mzigo umefungwa kwa leso.

"Dada, watu huenda arusini wakarudi na pilau. Wewe warudi na ukuni?"

"Si ukuni. Shika uone."

Akashika. Kidogo kimponyoke.

"Lahaula! Ukuni huu umemeza nini?"

Kesho yake mama mdogo akakibeba mpaka Ngome ya Yesu, kwenye makumbusho, akauliza huyu na yule mpaka akapelekwa kwa msichana mmoja aitwaye Beryl. Beryl akakitazama kwa kioo chake, na mama mdogo akatoa cha kofia, wakainama vichwa vikigusana. Akaambiwa ni mti kweli. Ulianguka mtoni, ukafukiwa na mchanga, zama ambazo binadamu hajaumbwa. Maji yenye madini yakawa yanapenya ndani yake, na kila uzi wa mti ulipooza, jiwe likashika pahali pake, uzi kwa uzi, mpaka mti ukaisha na sura yake ikabaki. Beryl akamwambia magogo makubwa asiyaguse, wala asichimbe, na akiona jambo geni awapelekee habari. Mama mdogo alirudi nyumbani akilirudia lile neno moja. Uzi kwa uzi. Nadhani ndilo lililomshika, kwa ile kazi yake.

Basi ikawa ndio mchezo wa nyumba yetu. Mjomba akipita Mazeras au Mariakani huokota vipande vidogo vya njiani akavileta, na vingi si kitu, ni mawe ya matabaka tu yanayojifanya mti. Aida na mamake huviweka sakafuni. Kwanza hukamuliwa ndimu: jiwe la matumbawe, kama haya yaliyojenga nyumba zetu, hutoa povu, mti wa jiwe hautoi. Halafu chupa hukwaruzwa kwa jiwe lenyewe: likiikata, litiwe maji. Mwisho ni kioo. Mimi nilikuwa nikikaa kwenye ngazi nikiwatazama. Shule nilishaacha, na ile kwangu ilikuwa shule tosha.

"Na hili?" mamake humuuliza.

"Jiwe tu."

"Wajuaje?"

"Mistari yake yote imelala, kama keki. Mti hausimami hivyo, mama. Mti una nyuzi za kupanda juu, na nyengine za kuzunguka."

Aida alikuwa hakosei. Mamake alikuwa akikosea, na akikosea hucheka mpaka ushungi unamdondoka. Vijana wa barazani nao walikuwa wakimngoja apite.

"Bi Mwanarusi! Leo umekula mawe ya wapi?"

"Ya Mariakani. Yamekosa chumvi. Njoo unikamulie ndimu."

Mwaka haukutimia. Aida akashikwa na homa. Tulimpeleka hospitali, tukarudishwa nyumbani na dawa, tukampeleka tena, na mara ya pili tulirudi naye amefunikwa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Kwetu maiti hazikwi na wanawake. Wanawake huosha, kama maiti ni wa kike, huvisha sanda, hufukiza udi, halafu jeneza hunyanyuliwa na wanaume, na sauti zao zinakwenda zikipungua vichochoroni, nasi tunabaki ndani. Hivyo ndivyo ilivyo na hatujapata kuiuliza. Kabla jeneza halijatoka, mama mdogo alimvuta mjomba Jamaldin chini ya ngazi. Nilikuwa hapo. Alikuwa na kile kipande cha fundo mikononi.

"Vibao vya mti huliwa na mchwa," akamwambia. "Masika mawili tu, kaburi la mtoto halijulikani tena. Hiki hakiliwi. Kisimamishe kichwani pake."

"Haya, dada."

"Mimi siendi huko, Jamali. Wewe ndiye macho yangu."

Mjomba akakitia ndani ya kanzu kama mwizi. Aliporudi, kanzu ilikuwa na udongo mpaka kifuani.

"Nimekisimamisha," akasema. "Ukiingia, mkono wa kulia, kule upande wa ukuta. Chaonekana kwa mbali."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomweka hai. Mkono wa kulia, upande wa ukuta. Nilimsikia akiyasema peke yake akitia uzi kwenye sindano.

Kila Ijumaa baada ya sala mjomba huja kula kwetu. Na kila Ijumaa mama mdogo alimuuliza kabla hajanawa.

"Umepita?"

"Nimepita."

"Kimesimama?"

"Kimesimama, dada. Hakijatikisika."

Alikuwa akijibu macho yakiwa kwenye sahani, anachambua miiba kwenye wali ambao siku hiyo haukuwa wa samaki. Niliona. Nitasema nini? Mama mdogo alikuwa akisikia "kimesimama" mabega yake yanashuka, halafu anaanza kupakua.

Mawe hakuyagusa tena. Kofia alizishona vibaya, akazifumua, akazishona tena vibaya. Tena akaanza kusema anataka kwenda makaburini. Si kulia, si kufanya lolote, aende tu akaone pahali. Bibi Mwanaesha, shangazi yao aliye mkubwa wa nyumba yetu, akamkatalia.

"Wanawake wa nyumba hii hawaendi mavani."

"Najua, shangazi."

"Mimi nimezika waume wawili na sijui hata mlango wake umeelekea wapi."

"Najua. Lakini hao walikuwa watu wazima. Wangu ni mdogo."

Bibi akaondoka na neno hilo. Alikaa nalo siku kadhaa. Asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, akiwa anakunywa kahawa yake, akasema bila ya kumtazama mtu: "Nenda basi. Msalimie mwanao, usipige mayowe, urudi."

Mama mdogo aliingia chumbani, akatoka amevaa buibui jipya. Nilimsaidia kuvaa viatu. Alimpigia mjomba simu aje atupeleke, na mjomba alikuja, lakini alikawia, na alipofika alikuwa na sababu nyingi. Lori liko gereji. Jua litakuwa kali. Kwa nini tusingoje Idi?

"Jamali," mama mdogo akasema, "tangulia."

Tulipokelewa mlangoni na mzee Chirau, Mdigo anayeangalia makaburi yale, mtu mpole, mkononi ana panga la majani. Alitukaribisha kwa furaha. Alitaka tuone kazi.

"Mmekuja wakati mzuri," akasema. "Juzi vijana wamejitolea kusafisha kwa ajili ya Ramadhani. Hapa palikuwa msitu. Sasa tazameni, ni uwanja."

Ni kweli, palikuwa safi. Majani yamefyekwa, takataka zimezolewa. Mama mdogo hakumsikiliza. Alikwenda mkono wa kulia, upande wa ukuta, haraka, kama mtu aliyepita hapo kila siku. Mimi nikamfuata. Huko ndiko wanakozikwa watoto. Vilikuwa vilima vidogo vidogo, mstari baada ya mstari, vingine vimekwisha kulala sawa na ardhi. Vilivyozungushiwa saruji vilikuwa vichache. Vyengine vyote havikuwa na alama.

Alikwenda mpaka mwisho wa ukuta, akarudi, akaenda tena. Ndipo akasimama.

"Kiko wapi?"

Mjomba alikuwa nyuma yetu mbali kidogo. "Kilikuwa... Chirau, vibao vilivyokuwa hapa viko wapi?"

"Vile vibovu? Vimeng'olewa. Vimeliwa na mchwa vyote, ukivigusa vyavunjika. Tumetangaza msikitini wenye makaburi yao walete vipya."

"Cha kwangu si kibovu," mama mdogo akasema. "Cha kwangu ni jiwe."

"Jiwe hatukung'oa, bibi. Mawe tumeyaacha."

"Lina sura ya mti. Lina fundo."

Mzee Chirau akafikiri. Nikamuona uso wake unavyobadilika.

"Kulikuwa na kipande cha boriti," akasema polepole.

Boriti ni ule mti wa mikoko, ndio uliobeba dari za nyumba zetu zote huku. Ni mzito kuliko miti mingine, kila mtu ajua. Kumbe vijana waling'oa vibao huku na huku, wakafika kwenye hiki, mmoja akakivuta, akapiga kelele kuwa kizito, na mwenzake akamcheka: "Boriti hiyo, mjinga we, boriti kuukuu, kwani hujavunja nyumba wewe?" Wakakitupa kwenye mkokoteni pamoja na vyengine. Hakuna aliyekilamba.

Rundo lilikuwa nyuma ya banda la majeneza, linangoja kuchomwa. Mama mdogo akapiga magoti, akaanza kutoa vibao kimoja kimoja. Mzee Chirau alitaka kumsaidia, akamkataza kwa mkono. Alikuwa akivigusa kwa mgongo wa vidole, kama unavyomgusa mtoto paji la uso. Kibao, joto. Kibao, joto. Jua lilikuwa limeshapanda, mbao zote zimeota moto. Kisha mkono ukatulia mahali. Akakivuta kutoka chini kabisa, kimejaa udongo na vumbi, kweli huwezi kukijua. Akakilamba, pale pale kwenye jicho la fundo. Nyuzi zikatokeza, kahawia na nyeupe.

"Ndicho," akasema.

Mzee Chirau akashika kifua. "Alhamdulillahi! Bibi, nisamehe, tusamehe sote, ni ujinga. Haya, nionyesheni pahali tu, nakisimamisha sasa hivi, tena kwa saruji, na hakuna atakayekigusa mimi nikiwa hai."

Wote tukamgeukia mjomba.

Akaenda mpaka kwenye vile vilima, akasimama, akaonyesha kwa kidole. "Hapa."

Mama mdogo akaja akasimama kando yake, jiwe kalikumbatia. Akakitazama kile kilima, akautazama na ufa mrefu uliopasua ukuta mbele yake. Nilidhani atakaa chini. Lakini alimgeukia ndugu yake akamuuliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Siku ile kichwa cha Aida kililazwa upande gani wa ufa ule wa ukutani? Wa huku au wa kule?"

Mjomba akautazama ufa. "Wa... wa kule."

"Basi si hapa. Hapa ni upande wa huku."

"Ni huku basi. Huku. Wallahi ni huku, dada, kilikuwa—"

"Usiape."

"Dada..."

"Kila Ijumaa waniambia umepita."

Mjomba Jamaldin ni mtu mkubwa wa mwili. Hubishana na makuli wa Shimanzi na askari wa barabarani bila ya kuona haya. Aliukunja uso kama mtoto anayetaka kujizuia, akashindwa. Alikaa chini pale pale, katikati ya vijikaburi, miguu imenyooka mbele.

"Sijui ni wapi, dada. Siku ile nilikuwa nalia, sikuona kitu. Nilichimba udongo kwa mikono nikakisimamisha mahali nilipoambiwa, nikaondoka mbio. Na tangu siku ile sijarudi. Kila Ijumaa nafika kwenye mlango ule, nasimama, miguu haiingii. Halafu naja kwako, wewe waniuliza kabla sijanawa. Ningekwambia nini?"

Mzee Chirau alikuwa ametazama chini. Waliochimba siku ile, akasema, ni vibarua, mmoja ameshakufa na mwengine hajui alikokwenda. Yeye mwenyewe watoto aliowazika mwaka ule hawakumbuki mmoja mmoja. Akasema kwa upole, "Bibi, kisimamishe alipoonyesha nduguyo. Mungu ajua nia."

"Hapo pana mtoto wa mtu," mama mdogo akajibu. "Mamake siku akija, ataona nini?"

Halafu akamwambia mjomba, na hakumwambia kwa ukali, nadhani ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali: "Ungenambia ile ile Ijumaa ya kwanza, Jamali. Wakati ule udongo ulikuwa bado mbichi. Ningekuja mwenyewe, na shangazi angesema atakalosema. Kilima kibichi ndicho chake, ningekijua."

Mama mdogo akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda, kama kwamba amesahau kuuondoa. Hakupiga mayowe. Aliwatolea salamu wote waliolala pale, akasoma Fatiha, akaondoka. Jiwe alilibeba mwenyewe. Nilimwambia anipe nimpokee, akasema si zito.

Sasa liko chumbani kwake, nyuma ya mlango, ndani ya leso ile ile. Kioo cha kofia amekirudia, kofia anazishona vizuri tena, na mjomba akileta kipande kutoka njiani hukipokea, hukilamba, hutuambia ni mti au si mti. Siku hizi hakosei. Afadhali alipokuwa akikosea akacheka.

Mjomba bado anakuja kula Ijumaa. Huwa hawaulizani kitu.

Ila siku hizi kabla ya chakula mama mdogo hutoka, na mimi hutoka naye. Bibi Mwanaesha hutuona, huendelea na kahawa yake. Mzee Chirau hutufungulia. Mjomba hutukuta mlangoni na siku nyengine huingia, siku nyengine hubaki nje. Mama mdogo huenda kwenye vile vilima vya upande wa ukuta, akapita kimoja kimoja, vyote, akang'oa majani, akatia maji kidogo, akasoma, akaenda kwa cha pili. Ni kazi ya muda mrefu. Juma moja huanzia mlangoni, juma jengine huanzia mwisho wa ukuta, na mara nyengine huanzia katikati. Siku moja nilimuuliza kwa nini asianzie mahali pamoja, ingekuwa rahisi.

"Sijui yeye ni yupi," akanambia. "Sitaki awe kila siku ndiye wa mwisho."